Kapasita inapunguza nini hasa? Shajara ya projekti ya mwaka wa nne, umeme Mlimani

Semesta ya kwanza, wiki ya 3

Kichwa cha projekti kimepita leo. Tunatengeneza kifaa cha kupima pawa fakta (sehemu ya umeme unaopita kwenye waya ambayo inafanya kazi kweli) ya mota ya fezi tatu, kinachoingiza kapasita, yaani kidude kinachotunza chaji ya umeme na kuirudisha, chenyewe pale inapohitajika, afu tunapima kwa namba ni kitu gani kinapungua na kitu gani hakipungui. Hiyo sehemu ya pili ndo niliyoipigania. Mwenzangu alitaka tuishie kwenye kifaa, ana hoja yake pia, ila vifaa vya namna hii viko kwenye makabati ya viwandani miaka mingi sana, hakuna jipya hapo, jipya kwangu ni lile swali la mtu wa kawaida anayeambiwa "weka hii kapasita bili itashuka" na hana wa kumuuliza.

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu, ana mashine ya kusaga na kukoboa Chamazi. Mwaka jana kuna jamaa walipita wakamuuzia viboksi vya kuchomeka ukutani, vinawaka taa ndogo ya kijani, wakamwonyesha kwa klampmita kabisa, kile kipimo cha ampea cha kubana kwenye waya, kwamba ampea zimeshuka. Mjomba ameona kwa macho yake. Nikamwambia mjomba hivyo havifanyi kitu kwenye LUKU yako, hiyo mita ya umeme wa kulipia kabla, akaniangalia, akasema "mpwa wangu, mimi nimeona mshale na namba, wewe umeona nini?" Sikuwa na namba ya kumpa. Sasa natafuta namba.

Wiki ya 4

Naandika nadharia ya kwenye proposo, naiweka na hapa kwa lugha ya kawaida maana nataka siku moja niweze kumsomea mjomba.

Mota ya indakshen haiwezi kuzunguka bila uga wa sumaku ndani yake, na huo uga unajengwa na mkondo wa umeme. Tatizo ni kwamba umeme wetu ni wa kupishana, hezi 50, kwahiyo nishati inaingia kwenye uga afu inarudishwa kwenye laini, inaingia tena inarudishwa tena, mara 100 kwa sekunde. Haigeuki kuwa unga wala joto, inakwenda na kurudi tu. Lakini ili iende na irudi lazima ipite kwenye waya, na waya haujui huu mkondo ni wa kusaga au wa kwenda na kurudi, wenyewe unapata joto vilevile. Hiyo ndo riaktivu pawa. Pawa fakta inakuambia kati ya kile kilichopita kwenye waya, ni sehemu gani imefanya kazi kweli.

Kapasita nayo inachukua na kurudisha, ila kwa zamu iliyo kinyume na ya mota. Wakati mota inarudisha, kapasita inapokea. Ukiziweka karibu zinapeana zenyewe kwa zenyewe, ule mkondo wa kwenda na kurudi unaishia pale pale badala ya kusafiri mpaka kwenye transfoma.

Hapa ndo nikakumbuka namba changamano. Mwaka wa kwanza tulikuwa mamia kwenye ukumbi mmoja wa mihadhara hapa chuoni, kule Yombo, watu wa sivil, mekaniko, umeme, wote mchanganyiko, tunahesabu j zidisha j ni hasi moja, na wengi tulikuwa tunaisoma ili tufaulu UE, mtihani wa mwisho wa semesta, basi. Kumbe ile j ndo inayotenganisha mkondo wa kazi na mkondo wa kwenda na kurudi. Charles Steinmetz aliipeleka hii njia mbele ya wahandisi Chicago mwaka 1893, kabla yake saketi za umeme wa kupishana zilikuwa mateso ya kuhesabu, baada yake mwanafunzi wa mwaka wa pili anamaliza kwenye karatasi moja. Mimi huyu mtu namheshimu sana, natamani angetajwa siku ile ile j inapoandikwa ubaoni kwa mara ya kwanza.

Wiki ya 6

Tumeenda Kariakoo kutafuta vitu. ESP32 ipo (kompyuta ndogo ya kwenye kifaa), sensa ya volti ZMPT101B ipo, klampu za mkondo SCT-013 zipo. Kapasita za mota zipo tele, ila hapa mtu awe macho: kuna za kuwashia na kuna za kukaa kwenye umeme muda wote, kwa macho zinafanana. Ya kuwashia imetengenezwa ikae kwenye umeme sekunde chache tu, ukiiacha muda wote inachemka na inaweza kupasuka. Sisi tunataka ya kukaa muda wote, na volti iliyoandikwa juu yake iwe inatosha kwa 400, sio 250.

Hela ya bumu (mkopo wa chuo) imepungua ila vitu muhimu vyote tumepata.

Wiki ya 8

Msimamizi wetu ameuliza swali moja ambalo limebadilisha programu yote. Proposo ilisema tutapima muda kati ya volti kukata sifuri na mkondo kukata sifuri. Hezi 50 maana yake mzunguko mmoja ni milisekunde 20, milisekunde moja ni digrii 18, unapata pembe, unapata kosaini, kwisha. Dokta akasema sawa, na mkondo usipokuwa saini wevu safi, yaani wimbi laini la kupanda na kushuka? Taa za LED, chaja, mashine za kuchomelea za kisasa, hizo zote zinachukua mkondo kwa vipande vipande, ile sifuri unayoitafuta inaweza isikupe jibu la kweli.

Kwahiyo tunachukua sampo za volti na mkondo kwa wakati mmoja, nyingi ndani ya kila mzunguko, tunazidisha kila jozi, tunatafuta wastani, hizo ndo wati halisi. Afu RMS (aina ya wastani wa umeme wa kupishana) ya volti mara RMS ya mkondo unapata VA, volti-ampea, yaani vyote vilivyopita kwenye waya; VA elfu moja ni kva. Gawanya wati kwa VA, hiyo ndo pawa fakta. Hii haijali umbo la wimbi. Programu imekuwa ndefu zaidi ila naipenda zaidi pia, kwasababu sasa kinachopimwa ni maana yenyewe ya pawa fakta.

Kitu kingine kidogo ila kimetusaidia sana: SCT-013 yetu ni ya ampea 100 inatoa miliampea 50, yaani 2000 kwa 1. Mota ya maabara inakula ampea tatu na kitu, ishara inatoka ndogo mno inamezwa na kelele za ESP32. Mzee wa maabara akasema vijana, pitisheni waya mara tano ndani ya hiyo klampu. Tukapitisha, ishara ikawa mara tano, kwenye programu unagawa kwa tano. Miaka minne ya transfoma na sumaku, na jibu lilikuwa hilo hapo, kuzungusha waya.

Semesta ya pili, wiki ya 2

Namba za kwanza za maana. Mota ya kilowati 2.2, volti 400, tumeiwekea mzigo wa karibu nusu.

Inachukua kilowati 1.5, mkondo ampea 3.49, pawa fakta 0.62. Ukikaa na hizo namba unaona mota inachukua kva 2.4 ili itumie kilowati 1.5. Riaktivu ni kama kva 1.9, yaani mkondo wa kwenda na kurudi ni mkubwa kuliko wa kazi yenyewe. Mota iliyopewa mzigo mdogo iko hivyo, uga wa sumaku unaugharamia karibu uleule hata kama husagi kitu.

Hesabu ya kapasita: ukitaka kufika 0.95 unahitaji kva 1.4 za riaktivu, ukiziunganisha delta (kila kapasita kati ya fezi mbili) ni maikrofaradi 9.3 kila upande, ukiunganisha nyota (zote zinakutana katikati) ni mara tatu yake, karibu 28. Kwahiyo delta, huwezi kununua kapasita mara tatu bila sababu.

Mwenzangu akasema basi tuweke za 10, zinapatikana kirahisi, tunafika 0.97. Kwenye karatasi ni nzuri. Ila tukapima kwanza mota bila mzigo: ampea 2.2, riaktivu ni kva 1.5 hivi. Kuna kanuni watu wa mashine wanaishika sana, kapasita iliyofungwa moja kwa moja na mota isizidi asilimia 90 ya riaktivu ya mota isiyo na mzigo. Sababu yake ni nzito: ukizima umeme wakati mota bado inazunguka, kapasita ikiwa kubwa inaweza kuilisha ile sumaku, mota ikageuka jenereta, ukapata volti za juu kwenye nyaya ambazo wewe unajua umeshazima. Mtu anaweza kushika hapo.

Asilimia 90 ya kwetu ni kva 1.35. Za 10 zinatoa 1.5. Hazifai. Tukachukua za 8, zinatoa 1.2. Kapasita zetu zina kontakta yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoachia mota ikizimwa, kwahiyo unaweza kusema kanuni haituhusu, ila Dokta akauliza kontakta ikigandia je? Tukabaki na 8. Nimefurahi tulivyobaki na 8.

Wiki ya 3

Usalama, hii nimeiandikia sehemu yake peke yake kwenye ripoti. Kapasita ikikatwa kwenye umeme inabaki na chaji, na kwenye volti 400 kilele ni 566. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwa kapasita za volti ndogo kinataka ishuke mpaka 75 ndani ya dakika tatu. Sisi tumeweka rezista ya kumwaga hiyo chaji, kiloomu 470 ya wati moja, kwenye kila kapasita, inashuka chini ya 75 ndani ya sekunde 10. Rezista yenyewe ni bei ya maandazi. Hivyo nafungua makabati ya watu nakuta hazipo, roho inaniuma.

Na kila tukigusa: breka chini, kufuli, subiri, pima kwa multimita, ndo shika. Kila mara, hata ukiwa na haraka, hata prezentesheni ikiwa kesho.

Wiki ya 4

Kapasita zimeingia. Programu ikasoma, ikangoja sekunde kadhaa kuhakikisha, kontakta ikalia "ta", na hapo hapo:

Kilowati: 1.5. Zilezile.
Ampea: kutoka 3.49 mpaka 2.38.
Pawa fakta: 0.62 mpaka 0.91.

Tuliangaliana tu. Mwenzangu akazima akawasha tena kapasita kama mtu haamini, ampea zinashuka zinapanda, kilowati imekaa palepale haitikisiki.

Hii ndo picha nzima aisee. Ampea zinashuka kweli. Yule jamaa aliyemwonyesha mjomba klampmita hakumwonyesha namba ya uongo, namba ilikuwa ya kweli, uongo upo kwenye sentensi iliyofuata. Klampmita inapima ampea, LUKU inahesabu kilowati-saa. Mteja wa nyumbani na wa mashine ndogo halipii ampea, analipia kilowati-saa.

Joto la waya nalo linafuata ampea mara ampea, kwahiyo kutoka 3.49 kuja 2.38 hasara kwenye waya imeshuka chini ya nusu ya ilivyokuwa. Hiyo ni faida halisi. Swali ni hiyo hasara ilikuwa kubwa kiasi gani tangu mwanzo, na hilo haliwezi kujibiwa maabara ambako waya ni mita chache.

Wiki ya 5

Mjomba ametupa kiboksi kimoja tukifungue. Ndani kuna kapasita moja ya maikrofaradi 5, rezista, daiodi za kuwashia ile taa, na nafasi kubwa tupu. Kwa volti 230 maikrofaradi 5 ni va 83 za riaktivu. Tukakichomeka sambamba na friji ndogo inayochukua wati 100 kwa pawa fakta 0.6: ampea 0.72 zikawa 0.49. Wati 100 zikabaki 100.

Theluthi ya ampea imeondoka na mita haijasikia kitu. Ukimwonyesha mtu asiyesoma umeme lazima anunue, na mimi simlaumu hata kidogo, namlaumu anayejua na bado anauza.

Wiki ya 7

Chamazi. Tumeazima pawa mita ya fezi tatu, tumepanda daladala tumeikumbatia njia nzima.

"Shikamoo mjomba." "Marahaba, wataalamu wangu, haya nipeni hukumu." Nikamwambia mjomba subiri kwanza tupime, hukumu baadaye.

Mota yake ni ya kilowati 15, stata (kifaa cha kuiwashia) ni star-delta, inayoanza na nyota afu inahamia delta, kutoka kwenye mita mpaka kwenye mashine ni kama mita 60 za waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Tumekaa mchana mzima kuangalia. Ikisaga: kilowati 12, ampea 23, pawa fakta 0.75. Ikizunguka tupu, mteja mmoja ameondoka mwingine anakuja na debe lake bado anaongea nje: kilowati 1.6, ampea 11.

Usiku nikapiga hesabu. Ukiweka kapasita za kva 6 (riaktivu ya mota tupu ni 7.4, asilimia 90 yake ni 6.7, kwahiyo 6 iko salama, na kwa hiyo star-delta kapasita zikae kwenye kontakta yake kabla ya stata, sio pale nyaya zinapofungwa kwenye mota yenyewe), ampea zinatoka 23 zinakuwa 18 na nusu, pawa fakta 0.93, kva zinatoka 16 zinakuwa chini ya 13. Kwa transfoma ya mtaa hiyo ni nafuu kubwa, hasa kama kuna mashine kadhaa kwenye transfoma moja.

Ila uniti, yaani kilowati-saa, je? Waya wote wa mita 60 una rezistansi (ukinzani) ya omu 0.11 kila fezi. Hasara yake ikisaga inatoka wati 176 inakuwa 113. Tofauti wati 63. Kwa siku ya saa sita za kusaga na kama mbili za kuzunguka tupu, jumla anayookoa mjomba haifiki nusu uniti. Anatumia uniti 75.

Na ile saa mbili za kuzunguka tupu peke yake inakula uniti 3.2. Yaani kuzima mota wakati hakuna mteja kunaokoa mara saba ya kapasita, na hakuhitaji kununua chochote. Sio kuzima kila dakika, maana kuwasha mota kunavuta mkondo mkubwa na kunaichosha, ila zile robo saa za mazungumzo ya nje, zima.

Nimekagua hesabu mara nyingi, nimempa mwenzangu akaanza upya na karatasi yake mwenyewe, jibu lilelile.

Wiki ya 8

Malalamiko mengine ya mjomba yalikuwa volti kushuka mashine ikibeba mzigo. Nilitaka sana kapasita isaidie hapo, haisaidii kivile. Kwenye waya mwembamba kama ule sehemu kubwa ya kushuka inatokana na rezistansi, na ile inafuata mkondo wa kazi, ambao kapasita haiugusi. Inasaidia upande wa transfoma na laini ndefu, ambako indaktansi, ule ukinzani unaotokana na sumaku, ndo kubwa. Kwa ndani kwake dawa ni waya mnene zaidi au mashine isogee karibu na mita. Nimeandika hivyohivyo kwenye ripoti, sura ya matokeo.

Sasa kapasita zina faida kwa nani? Mteja mkubwa. Wale wa kundi la bei la T2, wanaopita uniti 7,500 kwa mwezi, wanatozwa pia kwa kva walizofikia juu kabisa, kwahiyo kwao kutoka 16 kuja 13 ni hela inayoonekana kwenye ankara. Na laini yenyewe inanufaika. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, unatoka Rufiji unakuja Chalinze kwa kilovolti 400, na kwenye safari kama hizo suala la riaktivu linakuwa kazi ya watu usiku na mchana, wakati mwingine tatizo linageuka kabisa, laini ndefu ikiwa haina mzigo yenyewe inazalisha riaktivu na unahitaji riakta (koili kubwa) ya kuimeza badala ya kapasita. Nikisoma hiyo nakuta ni hesabu ileile ya mota yetu ya kilowati 2.2, imekuzwa tu.

Wiki ya 11

Prezentesheni imepita. Mmoja wa panel akauliza kwanini projekti ya kifaa inamalizika kwa kusema mteja mnayemtumia kama mfano hakihitaji. Nikajibu kwamba kifaa kinafanya kazi, kimetoka 0.62 mpaka 0.91 mbele yenu, na mhandisi anatakiwa ajue pia pale ambapo kisifungwe. Uhandisi unafundishwa hapa Mlimani tangu 1973, kitivo kile ndo sasa CoET, ndaki ya uhandisi na teknolojia, na mimi naamini watu waliotangulia humu wanajua hii habari ya kilowati na kva kama wanavyojua majina yao, ila mtaani haijafika, na anayefika mtaani ni muuza viboksi. Akaandika kitu, akauliza swali la rezista, tukaendelea.

Wiki ya 12

Nimempigia mjomba nikamsomea namba moja moja: ampea, kilowati, uniti 75, nusu uniti, uniti 3.2. Amenyamaza kidogo afu akasema "kwahiyo ile klampmita ilikuwa kweli?" Nikamwambia ilikuwa kweli mjomba, ila haikuwa inapima unachokilipia. Akasema kijana wake wa mashine ataanza kuzima.

Ripoti imeenda kubaindiwa. Boksi letu linabaki maabara pamoja na programu na michoro, mwaka wa tatu wameshaanza kuuliza, wawili wanataka kuongeza hamoniki (mikondo ya hezi za juu inayoharibu umbo la wimbi) maana mashine za kuchomelea za mtaani zimejaa hizo na kapasita ikikutana na hamoniki inaweza kupata mkondo wa kuiua. Nimewaambia waanzie na mashine ya fundi mmoja wa kuchomelea wa Sinza niliyeongea naye, amekubali wapime, wamtafute siku za katikati ya wiki, wikiendi ana mageti mengi.